Saratani ya damu kwa watoto: tiba iliyoanza kwa dola 475,000

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba, lakini zipo tiba ambazo bei yake inatisha. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha Kymriah, kwa watoto ambao aina moja ya saratani ya damu imewarudia au imeshindikana. Chembe nyeupe za damu ya mtoto hutolewa, hubadilishwa maabara ziitambue saratani, kisha hurudishiwa mwenyewe. Ya Asha haimfai Juma. Ndiyo sababu moja ya bei yake kuwa dola 475,000 mwaka 2017, kulazwa mbali!

Mzazi usikate tamaa. Dawa za zamani, nafuu mno kuliko hiyo, huponya wengi kwa idhini ya Allah, wakiwahi na wakimaliza matibabu. Kombe lisicheleweshe safari. Homa isiyokwisha, viganja vyeupe, michubuko bila kuanguka: mtoto apimwe damu.