Mshale Usiorudi Kwenye Sifuri: Kuilinda Mashine ya Presha

Muuguzi wa huduma ya mkoba anayesafiri kwa pikipiki kwenye vilima vya Ngara, au kwenye barabara za vumbi za Biharamulo, hubeba mashine ya presha yenye saa ya mshale. Ile ya zebaki inaondoka: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliuweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kuitengeneza na kuiuza nje ya nchi.

Ndani ya saa hiyo mna kifuko chembamba cha chuma chenye mikunjo. Hewa ya mkanda hukijaza, hewa ya kawaida hukizunguka, na mshale huonyesha tofauti ya mashinikizo hayo mawili. Kwa hiyo mwinuko wa Ngara haudai marekebisho yoyote ya kipimo.

Saa nyingi huishia milimita 300 za zebaki. Hewa ikizidishwa mno, kifuko hutanuka kama springi iliyovutwa kupita kiasi na hakirudii umbo lake. Hili si lazima litokee mkononi mwa mgonjwa: hutosha kuukunja mkanda wenye hewa, vali ikiwa imefungwa, na kuulazia mzigo. Vali na ifunguliwe, hewa itolewe yote, ndipo mkanda ukunjwe.

Wakati wa kupima, mapigo ya kifundo cha mkono hushikwa kwanza. Yakipotea, huongezwa milimita 30 tu, kisha hewa huachwa ishuke milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Kujaza kwa kubahatisha humuumiza mgonjwa na huichosha saa.

Mshale uliogoma kurudi kwenye sifuri usilazimishwe kwa bisibisi. Sifuri itapendeza machoni, huku vipimo vya juu vikiwa kombo. Mjamzito mwenye 144 kwa 92 akisomwa 134 kwa 82 huruhusiwa kwenda nyumbani, na ishara ya mapema ya kifafa cha mimba huwa imepita. Saa nyingine zina kizuizi kwenye sifuri, nazo huificha kasoro hata kwa jicho makini.

Dawa yake ni kulinganisha. Walau kila miezi 6, fundi wa vifaa tiba huiunganisha saa na nyingine inayoaminika kwa mpira wa njia tatu. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3, huondolewa kazini. Mashine za kielektroniki pia zilinganishwe, kwani kihisi chao hupima tofauti ile ile.

Mgonjwa naye aweza kuutazama mshale kabla mkanda haujajazwa, na kuuliza iwapo hauko kwenye sifuri.