Tabasamu haliteremshi presha
Mhudumu mmoja wa hoteli hapa Diani alikuja kwangu akiumwa kichwa, na bado anatabasamu. "Daktari, kwenye semina mfanyabiashara mmoja alitwambia ukiwaza mema kazi haichoshi." Somo hilo ni la zamani: W. Clement Stone, tajiri wa bima wa Chicago, alilieneza kwa kitabu alichoandika na Napoleon Hill mwaka 1960. Moyo mkunjufu ni mzuri, sikatai. Lakini presha yake ilikuwa 170 kwa 110, na msimu mzima wa wageni hakupata ofu hata moja. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Nilimwandikia dawa, na barua ya kumpelekea meneja.