Darasa la Kuta au Banda la Wazi: Mambo ya Kupima Kabla ya Skuli Kuongeza Jengo

Katika shehia nyingi za Unguja kuna jengo ambalo mpita njia hulitambua mara moja. Kuta za matofali zimefika usawa wa linta, madirisha hayana fremu, majani yameota ndani na paa halipo. Ni darasa lililoanzishwa kwa nguvu za wananchi, kwa michango na kazi ya mikono, likasita pale fedha zilipokwisha. Watoto waliokusudiwa kulisomea wameshamaliza skuli. Hatua chache tu kutoka hapo, wadogo zao wanabanana watatu na wanne katika dawati moja, au wanasubiri wenzao wa asubuhi watoke ndipo nao waingie mkondo wa mchana. Kwa hiyo uamuzi wa kamati ya skuli kuhusu aina ya jengo la kuongeza si jambo dogo. Huamua iwapo mchango wa mzazi utageuka kivuli juu ya kichwa cha mtoto, au utabaki ukuta wa kuanikia nguo.

Mahitaji yenyewe yanaeleweka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake ulipanda kutoka 593,678 hadi 893,169, yaani karibu watu laki tatu zaidi katika miaka kumi, na wengi wao ni watoto. Tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, kila kizazi kimeleta skulini watoto wengi kuliko kilichotangulia, na Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ikaiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Serikali imejiwekea lengo la wanafunzi 45 kwa darasa, na skuli za ghorofa zinazoendelea kujengwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya lengo hilo. Lakini skuli ya ghorofa haifiki kila kijiji kwa siku moja, na mtoto wa miaka minne hangojei.

Swali la kwanza ambalo kamati nyingi huliruka ni hili: chumba kinachotakiwa kitatumiwa na nani, saa ngapi na kwa kazi gani? Mara nyingi mazungumzo huanzia kwenye idadi ya matofali na mifuko ya saruji, kana kwamba kila darasa ni lazima liwe na kuta nne, mlango na kufuli. Watoto wa maandalizi, ambao husoma kwa kuimba, kucheza, kuhesabu kokoto na kusimuliana hadithi, wanahitaji kivuli, sakafu safi na nafasi. Darasa la mtihani linahitaji utulivu, ubao usioakisi mwanga na mahali pa kufungia vitabu. Maabara na maktaba ni jambo jengine kabisa. Skuli inayowaondoa watoto wadogo katika chumba cha kuta na kuwapa banda zuri la wazi huwa imepata darasa la mtihani bila ya kulijenga.

Kusomea nje si jambo geni Unguja. Kibaraza cha nyumba kimekuwa chuo cha Qur'ani kwa karne nyingi, na neno hilohilo la baraza ndilo lililoupa jina mkutano wa wakubwa na hata chombo kinachosimamia huduma za mji. Katika miaka ya karibuni kuna mfano wa masomo ya redio ya Tucheze Tujifunze, yaliyoanza mwaka 2006 kwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya chini. Baadhi ya vikundi vilivyokuwa mbali na skuli vilikutana vibarazani na chini ya miti, redio ikiwa katikati. Mpango huo ulionesha kuwa mtoto mdogo hujifunza vyema pasipo na kuta. Lakini aliyewahi kusomesha chini ya mwembe anajua pia udhaifu wake: kivuli huhama na darasa zima huhama nacho, na tone la kwanza la mvua ndiyo kengele ya kwenda nyumbani. Banda la wazi ni jaribio la kubakisha uzuri wa mwembe na kuondoa udhaifu huo.

Banda linaloeleweka ni lile lenye sakafu iliyoinuliwa, nguzo madhubuti, paa lenye upenu mrefu na ukuta wa nusu kimo pande zake. Ubora wake hutegemea zaidi namna lilivyoelekezwa kuliko gharama ya vifaa. Unguja ipo nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na mashariki kamili na kutua karibu na magharibi kamili. Banda ambalo pande zake ndefu zinatazama mashariki na magharibi litawaunguza watoto wa mkondo wa asubuhi na pia wale wa mchana. Likigeuzwa ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, kuta fupi za mwisho hubeba jua la asubuhi na la jioni. Ubao ukiwekwa kwenye mojawapo ya kuta hizo, hakuna mtoto anayesoma huku jua likimpiga machoni. Mwelekeo huohuo huzipokea pepo mbili zinazotawala mwaka wa kisiwa hiki, kaskazi katika miezi ya joto na kusi katikati ya mwaka, zikapita juu ya ukuta wa nusu na kutokea upande wa pili. Kuligeuza jengo kwenye ramani hakugharimu hata shilingi moja. Kulivumilia jengo lililokosewa ni gharama ya kila siku.

Mvua nayo ina upande wake. Mvua ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, haishuki wima; huja na upepo na kuingia ndani kwa mshazari. Ndiyo maana upenu wa mita moja au zaidi hauhesabiwi kuwa pambo, na ndiyo maana mafundi wenye uzoefu huuinua ukuta wa upande wa kusini kidogo kuliko wa kaskazini. Sakafu lazima ipande juu ya usawa wa ardhi. Mahali kama Mwanakwerekwe, ambako maji ya masika yamekuwa yakituama kwa muda mrefu, ngazi mbili au tatu huwa ndiyo tofauti kati ya darasa na bwawa. Kila penye ngazi pawe na mteremko pia, kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au magongo.

Kuhusu paa, ubishi ni mkubwa na kila upande una haki yake. Makuti hupoza, hayapigi kelele mvua inaponyesha, na mnazi upo uani. Lakini huoza, huhitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na hushika moto haraka. Kwa jengo linalojaa watoto, hilo la mwisho halitaki mjadala mrefu. Mabati hudumu zaidi, ingawa yale mepesi huliwa na chumvi ya bahari mapema mno katika vijiji vya mwambao, na yanapopigwa na jua la Februari darasa hugeuka tanuri. Dawa yake inajulikana. Mwaka 2001, katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, mjenzi Francis Kéré na wanakijiji wenzake walijenga skuli ya msingi ambayo bati lake limeinuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu. Hewa ya moto hupanda, hupita matunduni na kutoka chini ya bati, na hewa baridi huingia madirishani kuchukua nafasi yake. Jengo lile lilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004. Kanuni yake haihitaji mitambo. Bati liinuliwe, pawe na dari au hata mkeka mnene chini yake, na nafasi iliyo kati yao iachwe wazi pande zote mbili.

Pamoja na hayo, banda lina mipaka ambayo haifai kufichwa. Halifungiki, kwa hiyo vitabu na vifaa lazima viwe na kabati au stoo mahali pengine. Sauti husafiri: mabanda mawili yaliyokaribiana, watoto wanapoimba, humfanya kila mwalimu apige kelele kumshinda mwenzake. Usiku banda huwa kijiwe cha watu wasio wanafunzi, na asubuhi mwalimu hulazimika kufagia uchafu waliouacha. Kwa darasa la mtihani wa taifa halifai. Kwa maandalizi na madarasa mawili ya mwanzo, hata hivyo, banda lililokamilika ni bora mara nyingi kuliko darasa la kuta lisilo na paa, na kamati yenye fedha chache haina sababu ya kuona haya kulichagua. Nguzo zikipangwa vizuri tangu mwanzo, kuta zinaweza kujazwa baadaye pindi fedha zikipatikana.

Kontena na maturubai hutajwa kila linapokuja suala la haraka. Turubai linafaa kwa dharura ya wiki chache. Jua na upepo wa pwani havilipi muda zaidi. Kontena la chuma ni jembamba, na bila ya paa la pili juu yake hakuna mtoto atakayeweza kukaa ndani ifikapo saa tano asubuhi. Linafaa kuwa stoo ya banda.

Mji Mkongwe una hesabu yake peke yake. Huko hakuna kiwanja cha kuongeza banda, na baadhi ya skuli zimo ndani ya majengo ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vya majengo hayo ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo ni nadra kuvuka mita tatu na kitu. Hivyo, hamu ya kubomoa ukuta wa kati ili kupata darasa la watoto 45 ni hamu ya hatari: ukuta huo ndio unaozibeba boriti. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati. Tangu siku hiyo hakuna mkaazi wa mji anayehitaji kuelezwa uzito wa kuta hizi. Vilevile plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa huzuia unyevu usitoke, na ukuta huoza kwa ndani huku nje ukionekana mpya.

Nafasi ya ziada katika Mji Mkongwe, basi, hutafutwa katika kile kilichopo: ua wa ndani unaoweza kuezekwa kwa paa jepesi lililoinuliwa, roshani iliyoachwa kuwa ghala la madawati mabovu, au kibaraza kirefu kinachopata kivuli asubuhi. Mji huo umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kazi yoyote ya kubadili jengo lazima ipite kwanza Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, chombo kilichoanzishwa mwaka 1985. Kamati inayokwenda pale mapema hupata pia ushauri wa kitaalamu, na ushauri huo mara nyingi huokoa fedha.

Vifaa navyo vina sheria. Mchanga umekuwa adimu Unguja na uchimbaji wake unahitaji kibali. Mchanga wa pwani, hata ukipatikana bure, una chumvi inayoozesha nondo ndani ya zege. Mikoko hailindwi kwa maneno tu, kwani ukataji wake unasimamiwa chini ya Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996. Nguzo za mvinje uliopandwa, zikitiwa dawa ya mchwa na kusimamishwa juu ya vitako vya zege badala ya kuzikwa ardhini, hufanya kazi nzuri.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara: paa jipya ni chanzo cha maji. Banda la mita 9 kwa 6, ambalo huwapa watoto 45 nafasi ya zaidi ya mita moja ya mraba kila mmoja, lina paa la angalau mita 54 za mraba. Unguja hupata mvua ya wastani wa milimita 1,600 hivi kwa mwaka. Hata robo ikipotea, mlizamu na tangi vinaweza kukusanya zaidi ya lita 60,000. Kwa vijiji vya mashariki vilivyo juu ya maweni, ambako visima vingi vina chumvi na kuchimba shimo la choo ni kazi ya sururu na siku nyingi, maji hayo ya kunawia mikono na kusafishia vyoo yana thamani sawa na darasa lenyewe. Darasa linaloongezwa bila ya choo kuongezwa hupanga tu foleni ndefu zaidi, na wasichana wakubwa ndio wa kwanza kuacha kuja.

Kamati inayokusudia kujenga inatakiwa kwanza kumwona sheha na Ofisa Elimu wa Wilaya, kisha kufika ofisi ya Halmashauri au Baraza la Manispaa ikiwa na muhtasari wa kikao cha wazazi, idadi ya wanafunzi kwa kila darasa na mkondo, mchoro mdogo unaoonesha majengo yaliyopo, miti na njia ya maji, pamoja na makisio ya gharama hadi paa, sakafu na mlizamu, si hadi linta. Mhandisi hukagua eneo kabla ya msingi kuchimbwa. Maombi yanayowasilishwa katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe, hutoa nafasi ya kukamilisha taratibu na kuanza kuchimba mapema. Msingi unaoanza Februari hukutwa na masika ukiwa bado shimo.