Jicho la Mtoto na Jicho la Panya

Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Katika miaka ya 1940, oksijeni nyingi waliyopewa watoto waliozaliwa kabla ya kutimiza miezi iliwasaidia wengi kuishi, lakini maelfu yao wakapofuka. Mwaka 1951, Kate Campbell, daktari wa Melbourne nchini Australia, alidokeza kuwa huenda oksijeni yenyewe ndiyo chanzo.

Kulichunguza jambo hilo kulihitaji jicho ambalo halijakomaa. Kitoto cha paka au cha panya huzaliwa kwa wakati wake, ilhali mishipa ya damu ya retina, yaani utando unaopokea mwanga nyuma ya jicho, ingali inakua. Katika miaka ya 1950, Norman Ashton wa London alionyesha kwa vitoto vya paka kuwa madhara huja kwa hatua mbili. Kwanza, oksijeni nyingi huiziba mishipa michanga. Kisha, mnyama anaporejeshwa katika hewa ya kawaida, retina hukosa oksijeni na mishipa mipya huchipuka ovyo.

Tangu mwaka 1994, wengi hutumia vitoto vya panya: huwekwa katika oksijeni ya asilimia 75 kuanzia siku ya 7 hadi ya 12, na kufikia siku ya 17 mchipuko huo huwa umefika kilele.

Hata hivyo, panya huyo hakuzaliwa kabla ya wakati, na mapafu yake ni mazima. Anaonyesha jinsi ugonjwa unavyozuka. Hawezi kumpimia mtoto kiasi cha oksijeni, ambayo ikizidi hupofusha na ikipungua mno huua.