Farasi wa Mabaka

Kamari ni haramu, hapo sina la kuongeza. Lakini farasi mwenyewe ana kosa gani? Nasema haya kwa ajili ya The Tetrarch, dume aliyezaliwa Ireland mwaka 1911, rangi yake kijivu yenye mabaka meupe kana kwamba karushiwa chokaa. Watu walimcheka. Mwaka 1913 akaingia mbioni Uingereza mara 7, na zote 7 akashinda. Kisha akaumia mguu, asikimbie tena.

Ikatazamiwa atazaa sana. Kumbe bwana yule hana haja na majike! Hadi kufa kwake mwaka 1935 alipata watoto 130 tu. Hata hivyo, watatu walishinda mbio za St Leger, na binti yake mmoja, Mumtaz Mahal, alinunuliwa na Aga Khan wa Tatu mwaka 1922 kwa gini 9,100.

Mimi kilichonivuta ni nasaba. Kwa ubabani The Tetrarch yuarejea kwa Byerley Turk, mmoja wa madume watatu wa Mashariki waliopelekwa Uingereza zamani. Na mjukuu wa Mumtaz Mahal, Mahmoud, alishinda Derby mwaka 1936, naye kijivu vile vile.