Tumbo linalouma siku ya hesabu: Mzazi, anza na pembe za daftari

Moshi. Kila Jumatatu asubuhi, mama mmoja wa Kilema alisikia maneno yaleyale kwa binti yake wa kidato cha kwanza: "Mama, tumbo linaniuma." Jumamosi na Jumapili mtoto hakulalamika. Baadaye mama aligundua kuwa Jumatatu ndiyo siku yenye vipindi viwili vya hesabu.

Maumivu kama haya si lazima yawe uongo. Hofu inaweza kuleta maumivu halisi ya tumbo au kichwa, na mtoto mwenye hofu hushindwa hata hesabu anayoiweza. Lakini maumivu yakiambatana na homa, kutapika, kupungua uzito au kumwamsha usiku, mpeleke kwanza kituo cha afya.

Binti huyu alikwamishwa na maneno mawili ya Kiingereza: "complementary" na "supplementary". Shule ya msingi alisoma hesabu kwa Kiswahili. Sekondari, kujumlisha na kutoa alijua, ila hakujua anaulizwa nini.

Maana yake si ngumu. Pembe mbili zikijumlishwa zikafika nyuzi 90, hilo ni neno la kwanza. Zikifika nyuzi 180, hilo ni la pili. Pembe ya nyuzi 40 inahitaji 50 ili ifike 90, na inahitaji 140 ili ifike 180. Ili asichanganye, mkumbushe kuwa herufi C hutangulia S, kama 90 inavyotangulia 180.

Mzazi, si lazima uwe mwalimu. Chukua daftari, kona yake ni nyuzi 90. Laza kalamu juu yake ikianzia pale konani. Ilaze upendavyo, pembe mbili zinazopatikana jumla yake ni 90. Kisha weka ncha ya kalamu katikati ya ukingo wa daftari. Pembe za kushoto na kulia sasa zinafika 180.

Halafu nendeni kihambani, mtazame mti uliotegemeza mgomba wenye mkungu mzito. Mti unapogusa ardhi, pembe ya upande wa mgomba ikiwa nyuzi 60, ya upande wa pili ni 120. Juu, mti unapokutana na mgomba, pembe ni 30, ambayo pamoja na ile 60 inafika 90.

Mtoto akikuuliza, "Mbona kwetu ni mteremko?" furahi, ameelewa. Jumla ya 90 inahitaji mgomba uliosimama wima kwenye ardhi tambarare. Ile ya 180 inabaki hata kwenye mteremko, mradi ardhi imenyooka.

Mweleze pia kuwa pembe hizo si lazima zigusane. Moja inaweza kuwa Kilema na nyingine Marangu, kinachotakiwa ni jumla tu.

Epuka kumwambia, "Hata mimi hesabu zilinishinda." Mtoto anaweza kuamini kuwa kushindwa ni kwa ukoo. Mama yule alimwambia binti yake, "Njoo unifundishe mimi." Walikaa jikoni na daftari moja, mtoto akawa mwalimu.

Hofu ikiendelea, zungumza na mwalimu wake mapema, kabla ya mtihani. Na asubuhi tumbo likiuma, usianze na fimbo. Muulize leo kuna kipindi gani.