Umekaa tu kwa mathree Thika hadi Ruiru, mbona saa inasema umetembea?

Umepanda mathree Thika, ukashika siti ya dirisha, ukalala kuanzia Juja. Unashuka Ruiru, unacheki ile saa yako ya kuhesabu hatua: zimeongezeka. Manze, nani ametembea?

Ukweli ni kwamba saa haijui kutembea ni nini. Ndani yake kuna kihisi, kachipu kenye vipande vidogo sana vya silikoni vinavyoyumba ukisonga. Kinapima huo mtikisiko juu-chini, mbele-nyuma na kushoto-kulia, tuseme mara 50 kila sekunde. Zichore hizo namba, utaona mawimbi. Msee akitembea kawaida anapiga kama hatua 2 kwa sekunde, akikimbia zinakaribia 3. Mkono nao unaenda na kurudi mara moja kwa kila hatua 2. Basi programu inatafuta huo mdundo na kutupa kelele zingine, vile DJ anashusha besi usikie sauti. Hesabu ya kuvunja wimbi kuwa midundo yake tunaidai Mfaransa Joseph Fourier, ambaye kitabu chake cha 1822 kilikuwa kinahusu joto, si miguu ya mtu.

Sasa shida ya mathree. Gari likipiga bampu, bodi inaruka juu ya springi kama mara 1 au 2 kwa sekunde, karibu sawa na hatua zako. Programu ikiutupa huo mdundo, imetupa kutembea pia. Nyingi hungoja mdundo ushikilie kidogo ndio zianze kuhesabu, lakini bampu zikifuatana utapewa hatua za bure.

Hiyo unaweza kucheka. Noma ni upande ule mwingine, mtu ametembea kweli na hahesabiwi. Msee wa mkokoteni pale Thika anashinda kwa miguu, lakini mikono imeshika chuma, haiyumbi. Kwa saa anaonekana mvivu.

Ama sema shosho yako yuko Kimbo, alipata stroke na anajifunza kutembea tena akishikilia fremu. Anaburuta mguu polepole, mikono imetulia. Umemnunulia saa ndio apate moyo. Amezunguka ploti asubuhi yote, na jioni inamwonyesha hatua 40. Hapo shosho anaweza kukata tamaa kabisa, na kosa si lake, ni la mahali saa imekaa.

Ndio maana wanaochunguza mwendo wa wagonjwa hupenda kufunga vihisi kiunoni au kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu mguu ukigusa chini, wimbi linaruka. Wakiweka kwa miguu yote miwili wanaona hata ni upi unakanyaga kwa uoga na kuinuka haraka.

Na usimtishe na ile 10,000. Hiyo namba ilivuma kupitia kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965, jina lake lenyewe likimaanisha kipima hatua 10,000.

Wewe fanya hivi: mwambie atembee, hesabu mwenyewe hadi 50, kisha cheki saa. Ikiwa imemnyima, ifunge kwa kifundo cha mguu mjaribu tena. Andika hesabu yako na ya saa, na siku ya fizio mbebe hiyo karatasi.